Wazee walinung'unika, vijana wakapiga makofi: jibu kuhusu Les Sept Mercenaires mpya

Msomaji mmoja wa Katuba, hapa Lubumbashi, ameniandikia hivi: «Jambo, Mwalimu. Jumamosi moja tulikodi projekta tukaonyesha uani kwetu Les Sept Mercenaires ya mwaka 2016, ile ya Denzel Washington, na majirani wakaja na viti vyao. Vijana walipiga makofi hadi mbwa wakabweka. Wazee walinung'unika tangu nusu saa ya kwanza, na baba yangu, aliyefanya kazi katika kampuni ya migodi ya Gécamines hadi 2003, alinyanyuka mara tu picha ya mwisho ilipofifia, akasema, ‹Wameiua›, akaingia kulala. Rafiki yake mmoja alisema kwamba hata ile ya 1960 wanayoipenda wao iliibwa kwa Wajapani. Ningependa mnieleze: wazee wana hoja, au ni uzee tu unaosema?»

Wana hoja, mwanangu, lakini si zote ulizoziorodhesha katika barua yako ndefu, na ile iliyo nzito kuliko zote naona baba yako aliondoka nayo bila kuisema. Nitaanza na rafiki yake, kwa sababu jambo lake ni jepesi.

Filamu ya 1960, ambayo kwa Kiingereza inaitwa The Magnificent Seven, haikuibwa. Akira Kurosawa alitoa Seven Samurai mwaka 1954, filamu ya dakika 207 kuhusu wakulima wanaovamiwa na majambazi kila mavuno yanapokomaa, nao wakaamua kutafuta wapiganaji wa upanga wasio na bwana na kuwalipa chakula tu; wakulima wenyewe hula uwele ili wageni wao wale mchele. Wamarekani walipata haki ya kuirudia, John Sturges akakihamishia kisa katika kijiji cha Meksiko, na filamu yenyewe inatamka kwa maandishi kwamba imetokana na ile ya Kijapani. Nadhani mzee huyo anaichanganya na kisa cha Sergio Leone, Mwitaliano aliyetoa A Fistful of Dollars mwaka 1964 bila kuomba ruhusa, ilhali Yojimbo ya Kurosawa ya mwaka 1961 ilikuwa na kisa kilekile. Huko ndiko kulikuwa na mashtaka, na Wajapani wakapewa sehemu ya mapato. Kosa analolisema lipo kweli, ila amembambikia asiyehusika.

Kabla sijaifikia ile mliyoonyesha, sina budi kusema kitu kuhusu ile wanayoikumbuka wazee, kwa maana si ileile utakayoipata leo kwenye diski. Nilishika mashine ya sinema kwa miaka kadhaa nilipokuwa kijana, katika ukumbi ambao sasa ni ghala la mahindi. Filamu ya milimita 35 ilikuja kwa vipande ndani ya mikebe ya bati. Kipande cha mita mia sita hivi kiliisha kwa dakika ishirini na mbili, kwa hiyo filamu ya Sturges, yenye dakika 128, ilikuwa mikebe sita au saba, na nakala zilizotufikia zilikuwa zimekwisha kupita mikononi mwa watu wengi. Mkanda ulipokatika nilisimamisha mashine, nikazikata ncha zilizochanika kwa wembe, nikakwangua utando wa picha, nikapaka gundi yenye harufu ya kuumiza kichwa, nikabana, nikahesabu polepole huku ukumbi mzima ukipiga miluzi. Kila mara picha kadhaa zilibaki sakafuni, na picha 24 ni sekunde moja nzima. Baada ya miaka michache, mtu angeonekana anapeleka mkono kwenye bastola na hapohapo mwenzake amekwisha lala chini.

Mzee mmoja wa Kamalondo alinishikilia kwa miaka kwamba hakuna mtu duniani aliyerusha kisu kwa kasi kama James Coburn katika filamu ile, kwamba jicho halikuweza kukiona kisu kikiondoka mkononi. Nilipopata nakala kamili nikamwonyesha pambano lile lote, na Coburn akaonekana akingoja, akipima, akirusha kwa utulivu wa ajabu. Mzee alikasirika. Alisema wamemfanya mvivu. Sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba ile kasi huenda ilikuwa ya wembe wangu.

Kwa hiyo wazee wanapoilinganisha filamu ya 2016 na ile ya ujana wao, wanailinganisha na kitu ambacho hakipo tena mahali popote: nusu yake ni ya Sturges, na nusu nyingine imetengenezwa na mikasi, sauti za Kifaransa zilizobandikwa juu ya midomo ya Wamarekani, na giza la ukumbi lenye watu mia tatu. Hakuna mkurugenzi wa filamu anayeweza kushinda mashindano ya namna hiyo, na Antoine Fuqua, aliyeongoza ile mpya, ambaye amewahi kueleza kwamba utotoni aliziangalia filamu za kauboi pamoja na bibi yake, bila shaka alilijua hilo alipokubali kazi.

Sasa ile lawama uliyosema ilirudiwa sana uani, kwamba Fuqua amekusanya «Mwafrika, Mkorea, Mmeksiko na Mhindi Mwekundu» ili kuwafurahisha watu wa siku hizi, na kwamba kauboi wa kweli hawakuwa hivyo. Hiyo haisimami hata kidogo. Kazi ya kuchunga ng'ombe kwa farasi na kamba ilitoka kwa Wameksiko, na wanahistoria wengi hukadiria kwamba kauboi mmoja kati ya wanne alikuwa mtu mweusi. Wanaodai uhalisi wakumbuke pia waliokuwamo katika filamu wanayoitetea. Yul Brynner, kiongozi wa wale saba, alizaliwa Vladivostok. Kijana Mmeksiko, Chico, alichezwa na Horst Buchholz, Mjerumani. Shefu bandi mwenyewe, Calvera, ambaye wazee wetu wanaiga kicheko chake mpaka leo, ni Eli Wallach, mtoto wa Wayahudi wa Brooklyn. Na wale wakulima wenye nguo nyeupe zisizoshika hata vumbi la shamba walivaa hivyo kwa sababu serikali ya Meksiko, iliyokuwa imechukizwa na jinsi filamu nyingine ya Kimarekani ilivyowaonyesha watu wake, iliweka mkaguzi mahali pa kupigia picha, naye hakutaka kuona Mmeksiko mchafu. Kila nikiitazama tena nawaangalia wakulima wale wakichimba handaki, na kila mara mashati yao yanatoka kama yamepigwa pasi asubuhi ileile.

Lakini lawama hiyo ukiigeuza upande wa pili, inakuwa kali kweli. Kumbuka jinsi filamu ya 1960 inavyowatambulisha Brynner na Steve McQueen: kuna maiti ya Mhindi Mwekundu ambaye wenyeji wa mji hawataki azikwe katika makaburi yao, mwendesha gari la maiti amekimbia, na watu hawa wawili wasiojuana wanapanda juu ya gari hilo, mmoja akishika hatamu na mwingine bunduki, wanalipeleka polepole hadi kilimani mbele ya madirisha yaliyojaa mitutu. Hawamjui marehemu. Fuqua anaweka kisa chake katika mwaka 1879, miaka 14 tu baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kuisha, anampandisha Denzel Washington juu ya farasi mweusi akiwa ofisa mwenye hati za kukamata wahalifu, anampa rafiki aliyekuwa mlenga shabaha wa jeshi la Kusini, kisha kwa muda mrefu filamu inapita juu ya jambo hilo kama gari linalopita juu ya daraja. Wazee walisema kuna rangi nyingi mno. Mimi ningesema rangi zimewekwa mezani halafu hakuna aliyeulizwa chochote.

Umeniandikia pia kwamba mzee mmoja alisema, «Tangu lini mercenaire akatetea mtu?», na vijana wakacheka. Wasingecheka wangekuwa na umri wake. Jina la Kiingereza la filamu halina mamluki ndani yake. Linawaita saba hao watu wa fahari. Ni Wafaransa waliowaita mercenaires, mwaka 1960 na tena mwaka 2016, na kwetu sisi tunaopokea filamu kupitia Kifaransa neno hilo liliingia mjini likikuta lingine la jina hilohilo limekwisha fika. Moïse Tshombe alitangaza kujitenga kwa Katanga tarehe 11 Julai 1960. Filamu ilianza kuonyeshwa Marekani mwezi Oktoba wa mwaka uleule. Hadi kujitenga kulipokoma Januari 1963, mercenaire katika mji huu, uliokuwa bado ukiitwa Élisabethville, alikuwa Mzungu aliyekodiwa, mwenye bunduki begani na gari la kijeshi nje, wale walioitwa les Affreux. Wasomaji wangu wa Bukavu nao wana mwaka wao, 1967, mamluki Mbelgiji Jean Schramme na watu wake waliposhika mji wao kuanzia Agosti hadi Novemba. Mtu aliyepita katika siku hizo anapoliona neno hilo limeandikwa kwa herufi kubwa juu ya picha ya mashujaa, kununa kwake hakuhusu sinema, na usiongeze kununa huko kwenye hesabu ya walioichukia filamu.

Makofi ya vijana nayo yana sababu yake, na hapa filamu mpya inastahili sifa ambayo wahakiki wengi wa ng'ambo hawakuipa. Adui wa mwaka 1960 ni jambazi mwenye njaa: anakuja na watu wake, anachukua chakula, anaondoka. Adui wa 2016, Bartholomew Bogue, ni mwenye mgodi. Anataka bonde zima la Rose Creek kwa ajili ya dhahabu, anaingia kanisani watu wamejaa, anawahubiria kwamba anayeizuia mali yake anamzuia Mungu, anataja bei ya dharau kwa kila kiwanja, kisha anawaacha watu wake walichome kanisa na kuua nje mlangoni. Barua yako inasema kwamba bei ilipotajwa ua wote ulinyamaza, na kijana mmoja aliyewahi kuchimba kobalti Kolwezi akasema taratibu, «Bei hiyo naijua». Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi. Watu wa Kolwezi wanaujua mtaa wa Kasulo, ambako mwaka 2014 kobalti iligunduliwa chini ya nyumba, watu wakachimba hadi chini ya sakafu zao, na mwaka 2017 familia mia kadhaa zikahamishwa. Mtazamaji wa Toronto, filamu ilipozinduliwa huko Septemba 2016, alimwona Bogue kama shefu bandi wa kawaida, tena aliyetiwa chumvi. Uani Katuba, ambako bomba la moshi la kiwanda na kile kilima cheusi cha mabaki ya shaba vinaonekana ukisimama tu, chumvi hiyo haikuonekana kuwa nyingi.

Mgawanyiko mlioushuhudia haukuwa wenu peke yenu. Magazetini wahakiki walikuwa vuguvugu, wakati watazamaji wa Marekani walioulizwa na CinemaScore wakitoka ukumbini waliipa A-, alama ya juu. Filamu iliyogharimu dola milioni 90 hivi ilirudisha kama milioni 162 duniani kote, kiasi ambacho, ukiondoa sehemu ya wenye kumbi na gharama za matangazo, si hasara kubwa wala si sherehe.

Nije sasa kwenye hoja ninayodhani ni ya baba yako, ingawa simjui na huenda namsingizia.

Katika filamu ya Sturges, wale saba wanapewa dola ishirini kwa wiki sita. Mmoja wao anasema pesa hizo hazitoshi hata risasi. Wanakwenda. Katikati ya kisa wanashindwa: Calvera anawashika, na kwa dharau ya mtu anayejiamini anawasindikiza nje ya kijiji kisha anawarudishia bunduki zao, akiwa na hakika kwamba watu wenye akili hawatarudi mahali pasipo na faida. Wanarudi. Calvera anapigwa risasi, na akiwa anakufa anamwuliza Brynner, kwa mshangao kuliko kwa hasira, kwa nini mtu kama yeye arudi mahali kama pale. Brynner anamtazama. Hajibu. Kamera inangoja, na Calvera anakufa bila jibu. Sekunde hizo chache ndizo filamu yote. Baadaye mzee wa kijiji anasema walioshinda ni wakulima, na Brynner, akiwa juu ya farasi, anakubali: wao walishindwa, nao watu wa aina yao hushindwa daima. Kurosawa aliimaliza ya kwake vilevile miaka sita kabla, mbele ya makaburi manne, wakulima wakipanda mpunga na kuimba bila hata kugeuka kuwatazama waliowaokoa.

Sasa angalia alichofanya Fuqua. Ametunza hesabu kwa uaminifu: katika filamu zote tatu wanakufa wanne na kubaki watatu, jambo ambalo bado linawaudhi watoto wetu waliokua wakijua kwamba akteri hafi. Vita vya mwisho amevitengeneza kwa ustadi mkubwa, na Chris Pratt anapopanda farasi akiwa na majeraha, akaiendea ile bunduki ya mzinga wa kuzungushwa huku ameficha baruti, sioni aibu kusema kwamba nami nilikaa ukingoni mwa kiti. Lakini Bogue anapoburutwa hadi ndani ya kanisa lililoungua, swali halipo tena. Tunaambiwa kwamba watu wa Bogue ndio waliowaua mama na dada za Denzel miaka ile ya nyuma. Kumbe alikuja kwa ajili ya deni lake. Ni sababu inayoeleweka, tena ya uchungu, na inaimaliza filamu kama maji yanavyozima jiko, kwa sababu mtu mwenye kisasi lazima arudi, wakati ajabu ya wale wa zamani ilikuwa kwamba hakuna kilichowalazimu. Kisha tunapelekwa makaburini, tunasikia sauti ya mjane Emma ikiwasifu, na hakuna anayesema kwamba alishindwa.

Umeniambia baba yako aliondoka Gécamines mwaka 2003. Mwaka huo zaidi ya wafanyakazi 10,000 walitoka kwa mpango ule wa kuondoka kwa hiari uliogharimiwa na Benki ya Dunia, wengi wao baada ya miaka thelathini ya kazi. Mtu wa rika hilo aliyekuwa amezoea filamu ambamo anayefanya kazi ngumu anapanda farasi mwishoni na kusema bila machozi, «Sisi tumeshindwa», anapoletewa ileile ikiwa imewekewa sifa mahali pa neno hilo, ana haki ya kwenda kulala.

Wala usidhani ninatetea kila cha kale. True Grit ya mwaka 1969 ilimpatia John Wayne Oscar yake, na bado ile ya ndugu Coen ya 2010, iliyorudi kwenye riwaya ya Charles Portis na kumwachia mwanamke mzima asimulie mwenyewe kisa chake cha alipokuwa msichana wa miaka 14, naiona bora kwa mbali, na wazee niliowaonyesha walikubali kabla hata ya chai. Kuhusu 3:10 to Yuma, ya 1957 na ya 2007, bado ninagombana na nafsi yangu: katika ya kwanza mkulima anapanda treni akiwa hai, katika ya pili anauawa mlangoni mwa behewa. Kila moja ina mantiki yake, na watazamaji wangu wamegawanyika nusu kwa nusu, lakini si kwa umri.

Mkitaka kurudia, onyesheni ya 1960 kwanza, mtandike mikeka mapema, na mwombeni baba yako asimulie ni wapi nakala yake ilikuwa ikikatika. Kisha onyesheni ya 2016 wiki inayofuata, na safari hii umwombe asinyanyuke. Muziki wa mwaka 1960, ule wa Elmer Bernstein ambao kila mzee wa umri wake anaweza kuupiga mluzi bila kujua ni wa nani, umo ndani ya filamu mpya. James Horner, aliyeanza kuitungia filamu hiyo muziki, alifariki Juni 2015 na mwenzake Simon Franglen akaumalizia. Wimbo wa Bernstein wameutunza hadi mwisho kabisa, pale majina yanapoanza kupita. Baba yako alikuwa amekwisha ingia ndani.